Simu ya Karani Kwanza, Kompyuta Baadaye

Msikilizaji, usinunue MacBook. Si leo, na si kwa hela ya msimu mzima wa kahawa.

Nimeanza na jibu kwa sababu swali lenyewe nimelisikia mno. Kila ninapokaa na vijana wanaojifunza kompyuta, iwe Rulenge na Kabanga kule Ngara, iwe Nyakahura au Nyakanazi upande wa Biharamulo, halikosi kuja: "Kaka, nataka kutengeneza aplikesheni moja ikubali Android na iPhone kwa mpigo. Ninunue mashine gani? Nijifunze Flutter au React Native?" Kijana ameshaangalia video za YouTube mpaka bando limekata. Ameona watu wa Nairobi na wa California wamekaa mbele ya kompyuta za rangi ya fedha zenye alama ya tufaha, na ameshajiaminisha kwamba bila mashine ya aina hiyo kazi haianzi. Wapo waliofikia hatua ya kumbembeleza mzee nyumbani auze ng'ombe. Leo nataka tumtetee huyo ng'ombe.

Mdogo wangu, swali lako limeanzia mkiani. Kabla hujauliza utengenezee kwenye mashine gani, niambie kwanza itafunguliwa kwenye simu ya nani.

Pita gulioni uangalie simu mikononi mwa watu. Utakutana na itel, Tecno na Infinix, ambazo zote tatu ni za kampuni moja ya Kichina iitwayo Transsion. Nyingi kati ya zile za bei ya chini zinatumia Android Go, toleo ambalo Google waliliandaa kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ndogo. Kioo kina ufa, nafasi imejaa picha na video za WhatsApp, na mwenye simu hufuta kitu kimoja ndipo aweke kingine. Pembeni yake yupo mama anayeuza ndizi na kitochi chake, ambacho chaji yake inakaa siku kadhaa. Takwimu za TCRA zimekuwa zikionyesha kwamba simujanja zinaongezeka nchini, lakini simu za kawaida bado ni nyingi zaidi. iPhone zipo, sikatai. Mtumishi wa halmashauri anayo, mfanyabiashara wa mpakani anayo, kijana aliyetumiwa na dada yake wa Dar anayo. Ukizihesabu gulioni hazitakuchosha.

Video zinakufundisha kuiunganisha Android na iPhone. Pengo la huku kwetu liko kwingine, kati ya itel ya karani na kitochi cha mkulima, na hilo haliwezi kuzibwa na zana za kutengenezea aplikesheni kama Flutter au React Native.

Walioliona mapema ni watu wa pesa za simu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilikaa kwenye menyu ya laini yenyewe. Vodacom wakaileta Tanzania mwaka 2008, na hadi leo bibi asiyejua aplikesheni ni mdudu gani anapiga *150*00# na kumtumia mjukuu ada ya shule. Huduma za serikali nazo zina *152*00#. Mwaka 2008 Android ndiyo kwanza ilikuwa inaingia sokoni, kwa hiyo mtu anaweza kusema hawakuwa na chaguo. Sawa, lakini leo chaguo lipo na namba hizo hazijafa. Zinafanya kazi kwenye kila simu yenye laini, bila bando na bila kupakua chochote. Mbolea ya ruzuku ilipoanza msimu wa 2022/23 mambo yalikwenda vivyo hivyo: mkulima anasajiliwa, anakuwa na namba yake, anakwenda nayo kwa wakala, na kazi ya mfumo inamalizikia kwenye mashine ya wakala. Mkulima hakuhitaji kumiliki simujanja ili apate mfuko wake wa mbolea.

Kuna hata simu iliyokaa katikati. Vodacom waliwahi kuleta Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye intaneti, inayotumia mfumo uitwao KaiOS. Ukitengeneza kwa Flutter haitaingia humo, na ukitengeneza kwa React Native haitaingia pia. Kinachofunguka humo ni ukurasa wa wavuti. Anayekuambia zana yake "inafika kwenye kila simu" ana simu zake kichwani, na za gulioni hazimo.

Sasa tuchukue kazi moja ya kweli, maana maneno ya jumla hayanunui mashine. Chukua chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Msimu umefunguliwa, magunia ya kahawa ya maganda yamepangwa, mizani inaning'inia kwenye boriti, na karani amekaa na daftari kubwa la mistari. Mzee anafika na baiskeli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Andika vizuri safari hii, mara ya mwisho kilo zangu zilipotea njiani."

Hapo ndipo aplikesheni inapotakiwa. Karani apime, aingize kilo kwenye simu, abonyeze, na ujumbe mfupi utue kwenye kitochi cha mzee kabla hajakunja gunia lake tupu: jina, kilo, tarehe, namba ya stakabadhi. Mzee aondoke na ushahidi mfukoni. Wale wanaonunua kahawa ikiwa bado mtini watamsumbua kidogo zaidi, kwa sababu anajua alicho nacho kwenye chama.

Kwa hiyo chama kizima kinahitaji aplikesheni kwenye simu mbili au tatu, basi. Wanachama wengine wote wanahitaji ujumbe mfupi, na pengine menyu ya USSD, kama ile ya *150*00#, ya kuulizia salio. Kazi hii ukimpa kijana aliyejazwa video atatengeneza aplikesheni ya wakulima wote, yenye picha zinazoteleza na rangi zinazobadilika, na mwisho wa msimu itakuwa imepakuliwa na makarani pamoja na jamaa zake wa chuoni.

Kazi hiyohiyo inakuambia mengine ambayo hutayasikia kwenye video. Nianze na saa, kwa sababu wanaoishi Rusumo wataelewa haraka.

Rwanda na Burundi ziko saa moja nyuma yetu. Simu iliyo karibu na mpaka, iwe Rusumo au Kabanga, wakati wowote inaweza kushika mnara wa jirani. Ikishika, na kama imewekwa ijirekebishe saa yenyewe, inarudi nyuma saa nzima bila kumwuliza mtu. Mzee wa kwanza amepimiwa saa nne kasorobo. Nusu saa baadaye, saa nne na robo, anapimiwa mama wa pili. Lakini simu imeshavuka mpaka kimawazo, inasoma saa tatu na robo. Jioni orodha inatoka mama akiwa mbele ya mzee, stakabadhi hazifuatani, na mwenye kutafuta la kusema amelipata. Dawa yake ni ndogo. Usihifadhi saa kama simu inavyoionyesha. Hifadhi kwa saa ya dunia, UTC, ambayo haibadiliki mnara ukibadilika, halafu uigeuze kuwa saa ya Tanzania wakati wa kumwonyesha mtu. Na kila upimaji upe namba ya mfuatano ndani ya simu yenyewe, usitegemee saa peke yake. Flutter inaweza, React Native inaweza, hata ukurasa wa wavuti unaweza. Ugomvi wa zana haukuhusu hapo.

Mnara wa jirani una ujanja mwingine. Simu inaonyesha vijiti vyote vya mtandao, karani anafurahi, kumbe data haiendi kwa sababu laini yake haina bando la nje. Aplikesheni inayoangalia vijiti itadhani mambo ni mazuri na itasubiri jibu hadi mkulima wa kumi achoke kusimama. Inatakiwa iandike kwanza kwenye hifadhidata iliyomo ndani ya simu, SQLite, impe karani ruhusa ya kuendelea, kisha ipeleke kwenye seva pole pole mtandao wa kweli ukipatikana, hata kama ni usiku.

Hili la kufanya kazi bila mtandao wapo waliolielewa vizuri, na mfano uko kwenye mashamba yetu. Nuru ni aplikesheni ya PlantVillage, mradi wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani ukiongozwa na David Hughes, uliofanya kazi pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Unaielekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakuambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia. Sehemu ya picha zilizotumika kuifundisha mwanzoni zilipigwa kwenye mashamba karibu na Bagamoyo. Akili yote ya kutambua ugonjwa imefungwa ndani ya simu, kwa hiyo unaweza kuwa katikati ya shamba bila kijiti kimoja cha mtandao na ikafanya kazi. Upande wa migomba, ambako mnyauko wa bakteria umetutesa Kagera tangu ulipothibitishwa mwaka 2006, watafiti walitoa aplikesheni ya Tumaini mwaka 2019. Waliotengeneza vitu hivi walianza na mkulima aliyesimama shambani, na ndiyo maana wakachagua kama walivyochagua.

Jambo la tatu ni uzito. Karani wa Nyamiaga hatapakua kutoka Google Play. Atarushiwa faili na mwenzake kwa Xender au WhatsApp, na kama ni kubwa ataiacha. Simu nyingi za Android Go, hata zile zenye kichakato kipya, huendeshwa kwa mfumo wa biti 32. Ukijenga faili la biti 64 peke yake, kwenye simu yako ya Samsung litakubali vizuri, na kwenye itel ya karani litaandika tu kwamba programu haikusakinishwa, bila kueleza kosa. Flutter hukuruhusu kugawa faili kwa kila aina ya kichakato, kila moja dogo kuliko lile la pamoja. Gawa, halafu lile la biti 32 ndilo ulisambaze kwa makarani.

Na ujumbe mfupi nao una mtego wake, mdogo lakini wa gharama. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, mradi herufi zote ziwe za kawaida. Kiswahili kina bahati, hakina alama za juu wala za chini. Isipokuwa kwenye ng'. Huku Biharamulo tuna ndugu zetu Wasukuma wenye majina yanayoanza na Ng'. Kama karani ameandika jina kwa kibainishi kilichonyooka hakuna shida. Kama simu imemwekea kile kilichopinda, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo mwingine wa herufi na uwezo wake unashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe mmoja unakuwa miwili, wakati mwingine mitatu, na chama kinalipia yote. Mstari mmoja wa programu unaobadilisha kibainishi hicho kabla ya kutuma unamaliza habari hiyo. Ndiyo, mstari mmoja.

Haya, sasa tuje kwenye zana zenyewe, ingawa mimi sizipi uzito ambao vijana wanazipa.

Ahadi ya kuandika programu mara moja ikafanya kazi kila mahali ni ya zamani kuliko wao. Java ilikuja nayo miaka ya 1990, na simu zetu za Nokia zilikuwa na michezo ya Java iliyokubali kwenye moja na kugoma kwenye nyingine. Ikaja PhoneGap mwaka 2009, Adobe wakainunua mwaka 2011, na mwaka 2020 wakaiachia. Ikaja Xamarin, Microsoft wakainunua mwaka 2016, na tarehe 1 Mei 2024 wakaacha kuihudumia. React Native ilitolewa na Facebook mwaka 2015. Flutter ya Google ilifikisha toleo la kwanza kamili Desemba 2018, na mwaka 2024 Google walipopunguza wafanyakazi hata kwenye timu ya Flutter, vijana wa dunia nzima walikosa usingizi. Hakuna aliyekuhakikishia kwamba zana unayoishika leo itakuwepo utakapokuwa na wajukuu. Weka mantiki ya kazi yako, yaani kupima, kuhesabu na kulipa, mbali na vioo na vitufe, ili siku zana ikifa uhamishe kazi bila kuianza upya.

Maoni yangu ni haya. Kama hujui lugha yoyote ya programu, chukua Flutter. Inachora kioo chake yenyewe, kwa hiyo unachokiona kwenye simu mpya ndicho atakachokiona karani kwenye simu ya zamani, na ukishapakua vifaa vyake mara moja unaweza kukaa kijijini wiki nzima ukifanya kazi bila intaneti. Kama tayari unajua JavaScript kwa sababu ulianza na tovuti, usiitupe elimu yako. Chukua React Native pamoja na Expo. Expo wana huduma ya kujenga faili kwenye seva zao, laptopu yako dhaifu ikapumzika, ila kila ukijenga utapakua faili upya na bando litalia. Ubaya mwingine ni vile vifurushi vya JavaScript: maelfu ya mafaili madogo madogo, ambayo kwenye diski ya zamani ya kuzunguka yatakuchosha kabla hujaandika mstari.

Na kama kazi yako ni kukusanya takwimu tu, kujaza fomu, kupiga picha, kuchukua eneo la shamba, usitengeneze chochote. ODK ipo tangu 2008, KoboToolbox ipo, ni bure au karibu na bure, zinafanya kazi bila mtandao, na mtu anaweza kuandaa fomu ya Kiswahili kwa siku moja. Najua haipendezi. Kijana anataka jina lake lionekane kwenye aplikesheni. Lakini kuna miradi iliyotumia miezi kadhaa na fedha za wafadhili kutengeneza kile ambacho ODK ingefanya mchana mmoja.

Mashine, basi. Tumefika.

Hela yako ielekee kwenye laptopu za ofisi zilizotumika, zile zinazokuja kwa makontena na kuuzwa Kariakoo na Mwanza. Tafuta kichakato cha Intel cha kizazi cha 8 au zaidi: Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 5490, HP EliteBook 840 G5, na ndugu zao. Sababu ya kizazi cha 8 ni kwamba Windows 11 haikubali rasmi vya chini yake, na Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ukipata nzuri ya kizazi cha 6 au 7 kwa bei ya kuelewana, iweke Ubuntu, ni bure, na zana zote za Android zinafanya kazi humo. Hizo tatu nilizozitaja zina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo unaweza kununua yenye gigabaiti 8 leo na kuongeza ifike 16 mavuno yajayo. Ya gigabaiti 4 iache hata kama inang'aa. Itajenga, lakini utapika ugali ule na uoshe vyombo ndipo imalize. Diski iwe SSD, hilo halina mjadala.

Dukani usikubali kuonyeshwa mashine ikiwa kwenye waya. Chomoa chaja uone. Kisha fungua dirisha la amri la Windows uandike powercfg, nafasi, mkwaju, batteryreport. Itakutengenezea ripoti inayoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na kiasi gani. Muuzaji anaweza kubishana nawe, ila na ripoti ya mashine yake mwenyewe hawezi. Halafu izime, iwashe, ingia kwenye BIOS. Kama inadai nenosiri, irudishe. Ilikuwa ya kampuni fulani Ulaya na hujui siku ipi itajifunga.

Betri naisisitiza kwa sababu ya umeme wetu. Tunao mradi wa Rusumo wa megawati 80 unaogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, maji ya Mto Kagera yanayotupita mlangoni, na nguzo kubwa zinazokuja Nyakanazi. Ni hatua kubwa ukilinganisha na miaka ya majenereta ya dizeli. Bado mvua ikipiga usiku umeme unacheza. Kompyuta ya mezani bila kifaa cha kushikilia umeme itazima katikati ya kujenga na kuacha mafaili nusu nusu; laptopu yenye betri hai haina habari. ThinkPad T480 ina betri mbili, moja ndani na moja inayochomolewa, kwa hiyo unaweza kubadilisha ile ya nje mashine ikiwa inawaka. Kwa mtu wa Murusagamba hiyo ni sababu tosha ya kuichagua kuliko nyingine zote.

Kuna kitu kinachokula RAM kuliko vyote, ile simu ya bandia inayoonyeshwa ndani ya kompyuta. Usiitumie kabisa. Nunua itel iliyotumika, kama ileile ya karani, ufa usikutishe. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, uguse namba ya toleo mara saba. Menyu ya watengenezaji itafunguka, ruhusu USB, chomeka kebo. Sasa kila unachoandika kinaonekana papo hapo kwenye simu ya kweli, yenye uchovu wa kweli. Mashine imepumzika, na wewe unauona ukweli mapema. Na badala ya Android Studio nzima, tumia VS Code na vifaa vya Android vya mstari wa amri peke yake.

Bando nalo lina akili yake. Mara ya kwanza unapojenga, Gradle, yaani programu inayojenga faili la Android, hupakua mzigo mkubwa kutoka nje. Fanyeni hivyo kwa kikundi. Mmoja apakue, kwenye bando la usiku au akiwa mjini, kisha wenzake wanakili folda za Gradle na za vifurushi kwa flashi. Gradle ina hali ya kufanya kazi bila mtandao, iwasheni. Sijui kwa nini kozi zetu hazianzi na somo hilo.

iPhone? Nilijua utarudi hapo. Programu ya kujengea aplikesheni za iPhone, Xcode, inafanya kazi kwenye kompyuta za Apple tu, na Apple wanatoza dola 99 kila mwaka kwa akaunti ya mtengenezaji, wakati Google wanatoza dola 25 mara moja. Lakini leo kuna huduma kama Codemagic na hiyo ya Expo zinazokodisha kompyuta za Apple. Unaandika kwenye ThinkPad yako, unapeleka, wanakujengea. Subiri mwenye iPhone aje na hela mkononi, ndipo uzilipe hizo dola 99 kutoka kwenye malipo yake. Akija wa pili na wa tatu, ndipo tuzungumze habari ya Mac mini iliyotumika, yenye kichakato cha Apple chenyewe, siyo ile ya Intel ambayo Apple wanaiacha nyuma.

Kabla sijamaliza, kuna sheria. Ukishaweka majina, namba za simu na kilo za watu kwenye seva, umeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake. Chama kijiandikishe. Na wewe usichukue taarifa usizozihitaji. Kilo za kahawa hazitaki tarehe ya kuzaliwa ya mke wa mzee.

La mwisho ni la Google Play, kama siku moja utataka kuiweka huko badala ya kurushiana faili. Tangu Novemba 2023, mwenye akaunti mpya ya mtu binafsi haruhusiwi kuweka aplikesheni sokoni mpaka ijaribiwe na watu kwa siku 14 mfululizo. Mwanzo walitaka watu 20, mwishoni mwa 2024 wakashusha hadi 12. Mashine yako nzuri haitakusaidia hapo. Unahitaji makarani, mabwana shamba, wauza pembejeo wa Benaco na Lusahunga, kila mmoja na akaunti yake ya Gmail, na uongeze wawili watatu wa akiba kwa sababu kuna atakayejitoa. Wengi utakuta Gmail walifunguliwa na fundi aliyewauzia simu na nywila hawaijui. Kaa naye, mfungue nyingine, aiandike nyuma ya daftari lake la kahawa, kisha ndipo uanze kuhesabu zile siku 14.